Mgeni wa Ghorofa ya Nne

Watu wa Griftu, kule Wajir, wakikuelekeza njia ya kwenda hospitali ya Garissa, hawakutajii barabara. Wanakuambia: ukishuka kwenye basi, uliza nyumba ya Kerrow wa chanjo, utapewa chai, na ukishakunywa ndipo utaulizwa unaumwa nini.

Kerrow wa chanjo ni Kerrow Alio, afisa mstaafu wa mifugo, aliyewadunga sindano ngamia wa Wajir Magharibi miaka thelathini na mitano, hadi wakawa wanamjua kwa sauti na kumkimbia. Alipostaafu alijenga nyumba Bulla Iftin, mjini Garissa, vyumba vitano na kibanda cha nje. Lakini chai ile wanayoahidiwa wasafiri haipiki yeye. Inapikwa na mkewe, Ebla Bare, na hilo watu wa Griftu husahau kulitaja.

Ebla naye ni mstaafu, ingawa neno hilo halijamfaa kitu. Alikuwa muuguzi na mkunga wa kituo cha afya miaka thelathini na minane. Nusu ya wanaume wanaojitapa leo kwenye mnada wa ngamia, yeye ndiye aliyewashika miguu kichwa chini wakatoa kilio chao cha kwanza. Alistaafu siku ya Ijumaa. Jumatatu wakaingia wageni saba: mzee mwenye mawe ya figo na mwanawe, vijana watatu waliokuwa wakifuatilia vitambulisho, na mama na binti waliokuja kuuza mbuzi wakakosa bei. Tangu siku hiyo miaka mitatu imepita, na Ebla hakumbuki lini alikula chakula kikiwa bado moto.

Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Aliyesema hivyo, naapa, alikuwa mgeni.

Kisha, mwezi wa Februari, mdogo wake Ebla aitwaye Ramlo alianguka jikoni kwake, Wajir mjini, mwiko mkononi, watu kumi na wawili wakisubiri wali sebuleni. Shinikizo la damu lilikuwa limempasua mshipa kichwani. Walimzika kabla ya Alasiri, na wageni walewale ndio waliobeba jeneza. Ebla aliporudi Garissa alijifungia chumbani, akajipima kwa mashine yake ndogo ya mkononi. Ikamwonyesha mia moja themanini na nne juu ya mia moja na kumi. Yeye ni muuguzi, hakuhitaji mtu wa kumfafanulia. Alikuwa amesimama mlemle alimosimama Ramlo.

Hakumwambia mumewe. Alijua akimwambia Kerrow, Kerrow atawaambia watu, na watu watakuja kumjulia hali.

Alimwambia binti yao tu. Fowsiya, kifungua mimba, anafanya kazi ya kutunza wazee huko Minesota, Marekani. Anawaogesha mama za watu kwa mshahara huku mama yake akiogeshwa na jasho la jiko. Fowsiya alilia kwenye simu, kisha akakasirika, kisha akafanya kile wanachofanya watoto walio mbali: akalipia safari.

“Hooyo, nimetafuta mahali ambapo mtu hawezi kubisha hodi,” alisema. “Nchi kavu sikupaona. Nimewakatia meli.”

Ilikuwa meli ya watalii, siku saba: kutoka Mombasa hadi Unguja, hadi Komoro, na kurudi. Baada ya hapo wangekaa Mombasa siku kumi kwenye fleti ya kupanga mtaa wa Tudor, ghorofa ya nne, jengo lisilo na lifti. Fowsiya aliichagua makusudi, akiamini kwamba ngazi zitawashinda wavivu. Na sharti lilikuwa moja: asiambiwe mtu yeyote kwamba wako Mombasa. Kerrow, aliyedhani hii ni zawadi ya uzee tu, aliapa kwenye simu mbele ya mkewe. “Wallahi, aabo, binti yangu, hata kivuli changu sitakiambia.”

*

Siku mbili za kwanza baharini Ebla alilala. Hakuumwa na bahari, kama mumewe alivyodhani. Alilala tu, kama anavyolala mtu aliyekuwa akidai usingizi tangu enzi za harusi yake. Aliamka kuswali, akala alicholetewa, akalala tena. Mara ya kwanza alipoamka na kukuta kikombe alichokinywea kimeondolewa na kingine safi kimewekwa mahali pake, alikitazama kwa muda mrefu. Hakuna aliyemwita. Hakuna aliyesema “Eddo, shangazi, sukari imekwisha.” Alisikia mashine za meli zikinguruma chini kwa chini, akawaza, basi zinafanya kazi hizo, mimi nimelala.

Kerrow ndiye aliyeumia. Siku ya kwanza alivaa koti lake jeupe la Idi, akaenda kwenye ukumbi wa chakula akiwa na shauku ya mtu aendaye harusini. Mezani walikuwapo wazungu wawili wastaafu kama yeye. Kwao Wajir watu wakikutana njiani hawapitani hivihivi. Hukaa chini wakapeana habari: mvua imenyesha wapi, malisho yako wapi, nani kafa, nani kaoa, ngamia wa fulani aliyepotea kaonekana au la. Kumnyima mtu habari ni kama kumnyima maji. Kerrow akaanza kwa Kiingereza chake cha ofisini, akatoa habari zake zote kuanzia ukame wa mwaka juzi, kisha akanyamaza apewe za kwao. Mzungu mmoja akamwambia kwamba hali ya hewa ni nzuri. Wakamaliza supu wakaondoka.

Alihamia kwa wafanyakazi. Mhudumu wa vyumba alikuwa kijana wa Kilifi, Salah, mpole wa kupindukia, ambaye aliulizwa maswali kama mtuhumiwa.

“Kijana, hii nyama ya leo nani alichinja?”

“Mzee, leo si nyama. Ni samaki.”

“Samaki! Hiyo kitu haina kwato, haina maziwa, nitajuaje kama ni mzima ama mgonjwa? Mimi habana kula. Lete chai.” Halafu, Salah alipogeuka: “Ngoja. Baba yako ako na ng’ombe ngapi?”

“Hana ng’ombe, mzee. Baba ni fundi wa magari.”

Kerrow alimhurumia kijana wa watu siku nzima.

Siku ya tano Ebla alikuwa ameketi nje kwenye kiti cha kujinyoosha, miguu ameiinua kwenye kiti kingine. Asubuhi ile alikuwa amejipima: mia moja arobaini na minane. Vifundo vya miguu vilikuwa vimerudi, akaviona kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi, akafurahi kama mtu aliyeletewa ndugu zake. Kerrow akaja akakaa kando yake, amenyong’onyea.

“Hapa ni pabaya, Mama Fowsiya,” alisema. “Siku tano sijasikia mtu akiniuliza nimetoka wapi. Mtu akifa hapa, nani atajua alikuwa wa nani?”

Ebla alitaka kumwambia wakati ule. Maneno yalikuwa mdomoni: nina ugonjwa wa Ramlo. Lakini alimwona mumewe amekodoa macho majini akitafuta angalau punda mmoja, akamwonea huruma, na huruma ndiyo iliyomponza.

“Tutafika tu,” alisema.

*

Walishuka Mombasa siku ya Jumapili. Siku mbili za mwanzo pale Tudor zilikuwa za heri. Ebla alipika chai vikombe viwili. Alitazama sufuria ile ndogo ikichemka, akacheka peke yake. Hakujua kuwa chai ya watu wawili inaiva haraka vile.

Siku ya tatu Kerrow alikwenda msikitini kuswali Alasiri. Alirudi magharibi imekaribia, na Ebla akasikia sauti yake tangu ghorofa ya pili. Haikuwa sauti ya mtu anayezungumza peke yake.

“Mama Fowsiya! Njoo uone Mungu amenikutanisha na nani!”

Alikuwa Shirwa, mfanyabiashara wa ngamia kutoka Griftu, mzee mwenye kitambaa cheupe jichoni; alikuja kupasuliwa mtoto wa jicho. Nyuma yake alikuja mpwa wake Abshir akibeba mifuko miwili ya nguo. Mifuko ya nguo, si ya matunda. Ebla aliiona kabla hajaziona nyuso zao. Akasema karibuni, akaenda jikoni akabadilisha sufuria.

Kerrow alimfuata akinong’ona. “Ningefanyaje? Alinishika mkono pale mlangoni, akaniuliza nimefikia wapi.”

“Uliapa.”

“Niliapa nisimwambie mtu. Sikuapa nimdanganye mtu aliyeniuliza.” Akashusha sauti zaidi. “Unajua habari ya yule babu mmoja wa Hadado. Aliona wageni wanakuja kutoka mbali, akafukia moto wake ili wadhani boma halina watu. Mtu mwenyewe kafa miaka sabini iliyopita, na wajukuu zake mpaka leo wanaitwa wana wa Mfukia Moto. Wanakwenda kuposa, wanaulizwa nyinyi ndio wale? Unataka wajukuu zetu waitwe hivyo?”

Ebla aligeukia kabati. Alikuwa anahesabu vikombe. Fleti ilikuwa na vikombe vinne.

Shirwa ana simu, na simu ina kundi la watu wa Griftu, na kundi lina watu mia mbili na kumi. Kufumba na kufumbua walikuja wanafunzi wawili wa chuo ambao hawakuwa wamekula ugali wa nyumbani tangu muhula uanze. Akaja Arbia, binti wa binamu, ambaye mwanawe alilazwa hospitali; alishinda wodini mchana kutwa, akirudi jioni na nguo za kufua. Wakaja madereva watatu wa malori, waliokuwa wakingoja mzigo bandarini siku ya tisa, na mmoja alileta kuku ili asije mikono mitupu. Kuku mmoja kwa watu kumi. Ebla alimtazama yule kuku, wakaelewana.

Maji ya bomba yalikatika siku ya tano. Maji ya Mombasa huletwa na mkokoteni, mtungi kwa mtungi, na mwenye mkokoteni hapandi ghorofa ya nne. Vijana walipanda nayo asubuhi kabla ya kutoka. Yakiisha mchana, aliyekuwa jikoni ndiye aliyeshuka. Mguu mmoja, halafu mwingine, goti likilia. Alikuwa akisimama kila ghorofa, mkono ukutani, akisikiliza moyo unavyobisha masikioni. Hakuogopa kufa kama alivyoogopa kufa vile: mwiko mkononi, watu wakiuliza sebuleni kwani wali bado.

Utauliza kwa nini hakusema. Mimi pia niliuliza. Alisema mwanamke anayetangaza kuchoka mbele ya wageni amewafukuza, na yeye hakulelewa kufukuza watu. Wote wawili, yeye na mumewe, walilelewa mahali pamoja, kwenye nchi ambayo mtu akikosa kupokewa usiku mmoja tu anaweza kufa kwa kiu. Mila hiyo imeokoa watu wengi. Ila huko porini mila ilikuwa na mwisho wake: mgeni alikunywa maziwa, akalala, akaenda zake, kwa sababu na maziwa yalikuwa na mwisho. Siku hizi kuna mafuta ya kopo na gesi ya mtungi, hakuna kinachokwisha isipokuwa mpishi.

Siku ya nane asubuhi alijipima chooni, mahali pekee penye komeo. Mia moja tisini na mbili juu ya mia moja na kumi na sita. Alifunga mashine, akairudisha kwenye mkoba wake, akaenda kuwasha jiko.

*

Ilikuwa saa tano hivi. Arbia alikuwa hospitali. Sebuleni Kerrow alikaa na wageni wanaume saba kwenye mikeka na magodoro, wakingoja chai ya pili. Kutoka jikoni Ebla alimsikia Abshir, kijana mwenye adabu zake, akisema kwa soni, “Adeer Kerrow, sisi tumewachosha. Mjomba akishaonwa na daktari kesho, tutatafuta gari.”

“Mgeni hachoshi!” Kerrow akaruka, kana kwamba ametukanwa. “Nani kakuuliza habari za gari? Mgeni siku tatu haulizwi katoka wapi, haulizwi anaondoka lini. Hagusi kazi. Hanyanyui hata kikombe chake. Ndivyo alivyonilea baba.”

Wakaitikia kwamba ndivyo hasa, mila ni mila. Siku tatu zenyewe zilishapita kitambo, lakini kila zilipokaribia kwisha aliingia mwingine, na hesabu ikaanza upya kwa wote.

Ebla alizima jiko. Hakukasirika, angekasirika angekuwa na nguvu. Alijitanda shela yake, akachukua mkoba, akapita katikati ya wanaume wale akiwa ameinamisha kichwa. Walidhani anakwenda dukani. Mmoja wa madereva akamwambia asisahau majani ya chai.

Alishuka ghorofa zote nne, akafika barabarani, akasimama juani. Nia yake ilikuwa kituo cha basi. Angepanda basi la Garissa, apite Malindi, apite Hola, afike kwake. Afike, halafu? Ufunguo aliuacha kwa jirani, na juzi jirani alipiga simu kwamba kuna familia kutoka Griftu imefungua chumba cha nyuma. Akawaza Griftu: huko ndiko wanakotoka. Akawaza Minesota, huko Fowsiya anaingia kazini saa kumi na moja alfajiri. Akajaribu kufikiria mtu mmoja, popote pale, anayepumzika chini ya dari ya Kerrow Alio. Hakukawia kumpata. Walikuwa saba, ghorofani, wamenyoosha miguu.

Akageuka, akapanda. Ghorofa ya kwanza alisimama. Ya pili aliketi kwenye ngazi, akaomba dua fupi, akaondoka. Ya tatu alimpisha mama mwenye kapu. Ya nne mlango ulikuwa wazi, viatu vimejaa kizingitini. Ebla hakuingia. Alibisha kwa vidole kwenye mbao.

“Assalamu aleikum, wenye nyumba. Hodi.”

Kerrow alichungulia. “Mama Fowsiya, kwani mlango umefungwa? Ingia, watu wanangoja chai.”

“Mama Fowsiya simjui. Mimi ni mgeni. Nimetoka mbali, nimechoka, naomba mahali pa kukaa.”

Kerrow akacheka kidogo, kile kicheko cha kuwaambia watu kwamba ni mzaha. Hakuna aliyemsindikiza. Mzee Shirwa, aliyekuwa amejiegemeza chini ya dirisha, aliinua kichwa chake chenye kitambaa.

“Kerrow,” alisema taratibu, “mgeni ametoa salamu. Hujaitikia.”

Mtu mwingine angeweza kupuuza. Si Kerrow wa chanjo, tena mbele ya watu wa Griftu. “Waaleikum salaam,” alisema. “Karibu.”

Ebla akavua viatu, akaingia. Shirwa akasogea, akampisha pale chini ya dirisha, mahali pa mgeni mkubwa. Alikaa, akaegemea ukuta, mkoba mapajani. Abshir alitaka kuinuka aende jikoni. Mjomba wake akamshika mkono. “Wewe ni mgeni. Kaa.”

Basi Kerrow akaenda mwenyewe. Tulisikia, maana mimi nami nilikuwapo, ndimi dereva wa tatu, yule aliyekumbusha majani ya chai, na Mungu anisamehe. Tulisikia sufuria ikianguka. Tulisikia gesi ikivuma bila moto, kisha kiberiti, kimoja, viwili, vitano. Akachungulia.

“Sukari iko wapi?”

“Mgeni atajuaje?” alisema Ebla, macho amefumba.

Akarudi bila chai. Lakini aliujua wajibu wa kwanza kwa mgeni, akaja na birika la maji na beseni, akapiga magoti mbele ya mkewe ili amnawishe. Alimimina maji juu ya mikono yake. Ndipo akaiona pete. Nyama ilikuwa imevimba pande zote mbili, pete imezama katikati. Akashusha macho kwenye miguu. Mikanda ya viatu ilikuwa imeacha mifereji.

Mtu huyu alikagua mifugo miaka thelathini na mitano. Wenye mifugo walimwambia mnyama wangu mzima, ni njaa tu, naye hakubishana nao, alibonyeza. Aliweka birika chini, akabonyeza kidole gumba juu ya kifundo cha mguu wa Ebla, akahesabu kimoyomoyo, akaondoa. Shimo likabaki. Sote tulilitazama likibaki.

“Tangu lini, Ebla?” Hajawahi kumwita kwa jina mbele ya watu.

“Mgeni haulizwi, Kerrow. Siku tatu.”

Hakusema kwa uchungu. Alifungua mkoba, akatoa ile mashine, akamkabidhi, akanyoosha mkono. Kerrow akaizungusha mkononi mwa mkewe, akabonyeza kitufe. Ilivuma, ikatulia. Akaisoma. Akaisoma tena.

“Kama Ramlo?” aliuliza.

“Kama Ramlo,” alisema Ebla.

Mzee Shirwa aliinuka, akijishikilia dirishani. “Vijana,” alisema, “viatu.” Abshir alikusanya mifuko, wanafunzi wakakunja mikeka, mimi nilichukua kofia yangu na kushindwa kumtazama mtu usoni. Kizingitini kila mmoja alitafuta viatu vyake kwa miguu. Kerrow alibaki amepiga magoti, kifundo cha mkewe kimo mkononi mwake.

Ebla alitusikia tukishuka. Baadaye alinieleza hivi. Alisikia ghorofa ya tatu, ya pili, ya kwanza. Muda wote huo alikuwa akingoja sauti ya mumewe ituite, turudi, tule kwanza, maana hajawahi kumwacha mtu aondoke na njaa. Aliingoja mpaka usingizi ukamchukua.